Kajiado ni ya Ngapi?

Katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kajiado ni kaunti ya 34. Ukizipanga kaunti zote 47 kwa alfabeti, inaruka hadi nafasi ya 10, nyuma ya Isiolo na mbele ya Kakamega. Ukizipanga kwa idadi ya watu waliohesabiwa katika sensa ya 2019, Kajiado yenye watu 1,117,840 inakuwa ya 16. Ukiuliza ukubwa wa ardhi, kilomita zake za mraba zinazokaribia 21,900 zinaipandisha hadi ya 9. Katika maswali yote manne hakuna kilichosogea. Ziwa Magadi liko palepale, vilima vya Ngong viko palepale, na barabara ya Namanga bado inatoka Kitengela kwenda Isinya, Kajiado mjini na Ilbisil kama jana.

Nafasi hizo nne ndizo mfano ninaoutumia darasani. Nawafundisha vijana wa hapa Kitengela kuandika programu kwa lugha ya Python, na kati ya masomo yote ya mwanzo hakuna linalonikaa moyoni kama hili la kupanga kamusi. Ukitaka kulipitia haraka, nusu saa inatosha. Wengi hulipitia hivyo, nami naona wanawanyima wanafunzi wao jambo kubwa, kwa maana hapo ndipo kijana anapokutana mara ya kwanza na swali ambalo kompyuta haiwezi kumjibia: kipi kitangulie?

Kamusi ya Python ni hifadhi ya jozi. Kila jozi ina ufunguo na thamani. Ufunguo ukiwa jina “Kajiado”, thamani inaweza kuwa 1,117,840. Ukitaja ufunguo unapewa thamani papo hapo. Kompyuta haipitii kaunti moja moja kuanzia ya kwanza ikiuliza kama ndiyo hii. Inaupitisha ufunguo katika hesabu inayoutoa ukiwa namba, na namba hiyo inaipeleka moja kwa moja mahali thamani ilipolala. Mchungaji wa Kimaasai anayerudisha ng’ombe bomani magharibi huwajua kwa namna hiyo. Kwa desturi hapendi kuwahesabu. Anawajua kwa rangi, kwa mabaka, kwa pembe, kwa uzao wa mama zao, na akikosekana yule mwenye baka jeupe shavuni, pengo lake linaonekana kabla lango halijafungwa. Mwulize ng’ombe wa saba ni yupi, atakushangaa. Kundi lina kila ng’ombe, ila halina wa saba.

Kwa miaka mingi kamusi ya Python nayo haikuwa na wa saba. Guido van Rossum aliitoa lugha hii kwa umma mwaka 1991, na kwa zaidi ya miongo miwili ukiiomba kamusi yako ikuonyeshe ilichonacho, ilikumwagia vitu kwa utaratibu ambao haukumhusu mwanadamu yeyote. Toleo la 3.3 la mwaka 2012 lilizidisha hali hiyo kwa makusudi. Wataalamu wa usalama walikuwa wameonyesha kwamba adui anaweza kuchagua funguo zinazogongana mahali pamoja na kuilemaza seva nzima, basi ile hesabu ya kuugeuza ufunguo kuwa namba ikafanywa ibadilike kila programu inapoanza upya. Ungeendesha programu ileile asubuhi na jioni, kwa data ileile, na majina yakatoka kwa mfuatano tofauti. Waliojifunza Python miaka hiyo walilishika somo moja barabara: usitegemee mfuatano ambao hukuuomba.

Mambo yalibadilika kwa njia ya kando. Desemba 2012 Raymond Hettinger, mmoja wa wajenzi wa lugha hii, alipendekeza namna mpya ya kuihifadhi kamusi ili ipunguze kumbukumbu inayotumia. Inada Naoki wa Japani akalitekeleza wazo hilo katika toleo la 3.6, lililotoka Desemba 2016. Lengo lilikuwa kubana matumizi, lakini umbo jipya lilikuwa na tabia ya ziada: lilikumbuka nani aliingia kabla ya nani. Mwaka mmoja baadaye van Rossum akaamua kwamba tabia hiyo iwe kanuni, na tangu toleo la 3.7, Juni 2018, kila kamusi ya Python hutoa vitu vyake kwa mfuatano wa kuingia.

Ndiyo maana ukinakili Jedwali la Kwanza la Katiba ndani ya kamusi, Kajiado itabaki ya 34. Na hiyo 34 ina historia. Kaunti zilitokana na wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992, na jedwali linazipita kwa kufuata mikoa minane ya zamani: Pwani kwanza, kisha Kaskazini Mashariki, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Magharibi, Nyanza, na Nairobi mwisho kabisa. Mombasa ni 1. Nairobi, yenye watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, wengi kuliko kaunti nyingine yoyote, ni 47. Kajiado imeingia kupitia Bonde la Ufa, mara tu baada ya Narok na kabla ya Kericho. Katiba hiyohiyo ilitupa ugatuzi mahali pa mikoa, lakini mikoa inaendelea kuishi ndani ya mfuatano wa namba. Mtu anayejaza fomu ya mpiga kura hapa Kitengela na kuona msimbo 034 anasoma safari ya makarani ambao hajawahi kuwaona.

Ardhi yetu imesajiliwa kwa mfuatano wa namna hii, na hapa nataka kukaa kidogo, maana katika Kitengela hakuna karatasi inayozungumziwa kuliko hati ya shamba. Sheria ya mwaka 1968 ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi iliwezesha koo za wafugaji kusajiliwa kama ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela ilikuwa mojawapo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake chenye namba. Namba hizo hufuata jina la sehemu ya usajili, kwa mfano Kajiado/Kaputiei North, na Kaputiei ni jina la olosho, yaani tawi la Wamaasai ambao tambarare hizi zilikuwa malisho yao. Nyumbu wa Mbuga ya Nairobi nao walizijua tambarare hizi kabla ya seng’enge kuanza kuzikata.

Mwenye shamba akiuza lote, jina la mwenyewe linabadilika na namba inabaki. Katika kamusi ya Python ni vivyo hivyo: ukiweka thamani mpya kwenye ufunguo uliokuwepo, ufunguo unakaa pale pale ulipokuwa kwenye mfuatano. Lakini akiuza sehemu, mambo ni mengine. Mpimaji huchora mipaka mipya, msajili huifunga namba ya zamani, na vipande vipya hupewa namba zinazofuata ile iliyotolewa mwisho. Tuseme shamba lilikuwa namba 87. Likigawanywa leo, 87 inafungwa na kunazaliwa 41206 na 41207. Kamusi nayo, ukiufuta ufunguo na kuingiza mwingine, mpya huenda mkiani hata kama unahusu kipande kilekile cha dunia.

Miaka thelathini ya kuuza na kugawa imetuachia rejista ambayo namba yake inakuambia hati ilizaliwa lini, na haikuambii chochote kuhusu shamba liko wapi. Mtu anapakana ua kwa ua na jirani, namba yake iko katika mamia na ya jirani iko katika makumi ya maelfu. Mnunuzi mgeni kutoka Nairobi hudhani namba zinazofuatana ni ploti zinazofuatana, hupelekwa uwanjani, huonyeshwa udongo mzuri mweusi, na hapo ndipo udanganyifu hupenyea. Ramani ya mpimaji na rejista ya msajili ni mipangilio miwili ya vitu vilevile. Anayesoma mmoja peke yake amesoma nusu.

Kuna jambo jingine la kamusi linalonipa hofu ninapofikiria ardhi. Kamusi haikubali funguo mbili zinazofanana. Ukiandika mara ya pili kwenye ufunguo uliokuwepo, thamani ya kwanza inafutika bila onyo wala kelele. Kwa data ya michezo hilo ni dogo. Kwa rejista, thamani inayofutika ni jina la mtu, mjane pengine, ambaye hati yake imo sandukuni na hana habari. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na rejista za karatasi zinaelekea huko zote. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: kabla hujaandika juu ya ufunguo, uliza kwanza kama upo. Mistari miwili ya ziada katika programu ni bei ndogo mno kwa shamba la mtu.

Sasa tuje kwenye kupanga kwenyewe. Chombo tunachotumia zaidi kinaitwa sorted, kilichoongezwa katika toleo la 2.4 mwaka 2004. Ukikipa kamusi, kinatazama funguo na kukurudishia orodha mpya iliyopangwa, na kamusi yako haiguswi. Msichana mmoja wa darasa langu, anayefanya kazi kwa mpimaji ardhi, alileta namba za mashamba ya ofisi yao akazipanga.

“Mwalimu,” akaniuliza, “mbona 1204 imetangulia 87?”

“Hizo ulizoipa Python ni maandishi au ni namba?”

Akatazama, akacheka, akajua. Namba zake zilikuwa zimeandikwa ndani ya alama za nukuu, na maandishi hupangwa herufi kwa herufi kutoka kushoto: 1 iko kabla ya 8, basi, na yanayofuata hayatazamwi tena. Kwa utaratibu huo 10 hutangulia 9, na ploti ya 100 hutangulia ya 2. Neno moja la nyongeza, la kuagiza kila ufunguo usomwe kama namba, linamaliza tatizo. Lakini angalia kilichotokea: mashine haikukosea. Iliulizwa kuhusu maandishi, ikajibu kuhusu maandishi.

Majina ya watu yana uchungu zaidi. Python hulinganisha herufi kwa namba zake za msimbo: A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90, a ndogo ni 97, o ndogo ni 111. Kwa hiyo herufi zote kubwa hutangulia zote ndogo. Sasa chukua orodha ya majina ya ukoo ya Kajiado, ambamo wanaume wengi wa Kimaasai huandika “ole”, mwana wa fulani, kwa herufi ndogo kama inavyostahili. Ipange bila kuagiza lolote. Abdi atatangulia, Kamau atafuata, Mutua, Wanjiru, Zainabu, kisha baada ya kila mtu, chini kabisa ya ukurasa, watakuja akina ole wote. Wenyeji wa kaunti wamewekwa mkiani mwa orodha ya kaunti yao, na hakuna mtu aliyekusudia. Kama orodha hiyo ni ya kugawia kitu kinachoisha, maji ya bauza wakati wa ukame au nyasi za mifugo, matokeo yake si ya karatasini tu.

Tiba ya kwanza ni rahisi: agiza herufi zote zisomwe kama ndogo wakati wa kulinganisha. Sasa akina ole wanaingia kwenye O. Je, hapo ndipo panapowafaa? Wote watarundikana kwenye herufi moja, na kumtafuta mtu kati yao itakuwa kazi. Wengine watasema jina la kupangia ni lile linalofuata ole, jina la baba mwenyewe. Swali hili limemhusu hata muumba wa lugha. Huko Uholanzi alikozaliwa, van Rossum hutafutwa kwenye R, kwa kuwa kile kitangulizi cha van hakihesabiwi. Ukivuka mpaka kuingia Ubelgiji, mtu mwenye jina kama hilo hutafutwa kwenye V. Nchi mbili jirani, lugha moja, na vitabu vyao vya majina havikubaliani. Python imeliacha jambo hilo kwa anayeandika programu, na imefanya vyema. Anayeishi Kitengela na amewauliza wazee jina lao linaanzia wapi ana haki zaidi ya kuamua kuliko mjenzi wa lugha aliye mbali.

Huo uamuzi huandikwa katika neno moja, key, ambalo sorted hulipokea. Ukitaka kaunti kwa wingi wa watu, kubwa kwanza, unaandika hivi:

sorted(watu, key=watu.get, reverse=True)

Yaani: nipangie funguo za kamusi ya watu, ukizilinganisha kwa thamani zake, ukianzia juu. Badilisha kilicho baada ya key na dunia yote inajipanga upya. Kajiado inatoka 16 kwenda 9 kwa kubadilisha neno moja.

Vipi ukiwa na orodha ya kamusi, kila moja ikiwa ni mtu mzima mwenye jina, umri, shule, deni la karo, umbali wa nyumbani? Python ya zamani ilikubali kuzilinganisha. Ilitazama kwanza ipi ina vitu vingi zaidi, kisha ikatafuta ufunguo mdogo kabisa ambapo kamusi hizo zilitofautiana. Jibu lilipatikana kila mara, na jibu hilo halikuwa na maana yoyote kwa binadamu. Python ya tatu, iliyotoka Desemba 2008, inakataa. Inasimamisha kazi na kusema kwamba kamusi mbili haziwezi kuambiwa ipi ni ndogo kuliko nyingine. Inakataa pia kulinganisha namba na pengo, pale ambapo mtu hakujaza umri wake. Wanafunzi huuchukia ujumbe huo mwekundu. Mimi nauheshimu kuliko sehemu nyingine yoyote ya lugha hii. Mtu mwenye mambo kumi hana nafasi kwenye safu mpaka mtu mwingine achague jambo moja kati ya hayo kumi, na ni haki mashine imlazimishe huyo mchaguzi ajitokeze aliandike chaguo lake.

Kenya nzima ililiona hilo mwaka 2020. Ugatuzi ulipoanza 2013, fedha za kaunti ziligawanywa kwa fomula iliyoipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, sehemu sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na nidhamu ya matumizi 2. Ilipofika zamu ya fomula ya tatu, Seneti ilikwama. Wa kaunti zenye watu wengi walidai mtu mmoja, shilingi moja. Wa kaunti kame walijibu kwamba barabara ya kuwafikia watu wachache waliotawanyika haiwi fupi kwa sababu wao ni wachache. Wiki zikapita, kura zikapigwa zikaahirishwa, na makubaliano yalipatikana Septemba: watu 18, sehemu sawa 20, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ardhi 8, barabara 8, miji 5. Maseneta wale wote, wengi wao bila kuandika mstari mmoja wa programu maishani, walikuwa wanabishana kuhusu kitakachoandikwa baada ya key. Na walibishana hadharani, kwenye televisheni, kila mtu akijua seneta wake amesimama wapi. Nchi ilichoka na kelele, lakini naamini ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Kajiado inaujua ugomvi huo ndani ya mwili wake. Kitengela peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya 150,000 mwaka 2019, wamebanana kando ya barabara katika maghorofa ya kupanga. Upande wa pili wa kaunti hiyohiyo, kutoka Magadi kushuka Shompole, mtu anatembea nusu siku kati ya boma na boma. Kuna wadi 25. Ukigawa kitu kwa wadi, mtu wa Shompole anapata. Ukigawa kwa vichwa, mtu wa Kitengela anapata. Mimi naishi Kitengela, na bado nasema vichwa peke yake havitoshi.

Limebaki jambo la waliolingana, na hapa Python ina tabia ambayo vitabu huitaja kwa sentensi moja na kuendelea. Njia yake ya kupanga ilibuniwa na Tim Peters mwaka 2002, ikaitwa Timsort kwa jina lake, na baadaye Java pia ikaichukua. Hutafuta kwanza vipande vya orodha vilivyokwisha kujipanga vyenyewe, kisha huviunganisha, badala ya kuvuruga kila kitu na kuanza upya. Tena ni thabiti: wawili wakilingana kwa kipimo ulichochagua, anayebaki mbele ni yule aliyekuwa mbele tangu mwanzo. Fundi hunufaika sana na uthabiti huo. Anaweza kupanga kwa jina kwanza, kisha kwa wadi, na ndani ya kila wadi majina yatabaki yamepangika.

Lakini chukua fomu za basari. Tuseme kamati imekubaliana kipimo kiwe deni la karo, kubwa kwanza, na fedha zinatosha watoto 200. Wa 200 na wa 201 wana deni sawasawa. Programu haitapiga kura wala kuuliza. Itamweka mbele yule ambaye fomu yake iliingizwa kwanza. Kijana wa Kitengela aliamka, akapanda matatu, akafikisha fomu siku ileile ya kutangazwa. Msichana wa Shompole alisubiri gari la soko, na kabla ya hapo alisubiri habari zenyewe zimfikie. Deni lao ni moja, umaskini wao ni mmoja, na aliyewatenganisha ni nauli. Kamati itaapa kwamba haikumpendelea mtu, na itakuwa inasema kweli. Mpangilio wa kuingia umewapendelea walio karibu na lami, kimya kimya, ndani ya mstari mmoja wa programu ambao hakuna aliyeusoma. Kuandika kipimo cha pili cha waliolingana, umbali wa nyumbani kwa mfano, au kupiga kura mbele ya wazazi, ni kazi ya dakika chache. Kutoandika ni uamuzi pia.

Sheria za nchi hii ziko upande wa yule msichana. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiutawala inapogusa haki zake vibaya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu chake cha 35, inamlinda mtu dhidi ya kuamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Orodha iliyobandikwa ukutani ikiwa na majina na namba tu haijatoa sababu yoyote. Imetangaza matokeo.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wa kaunti hii mnaoitwa na kamati, na vyama vya akiba, na shule, na ofisi za wadi, muwasaidie kupanga orodha kwa sababu ninyi ndio mnaojua kompyuta. Mkimaliza, msichape majina peke yake. Juu ya ukurasa, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, andikeni mmepanga kwa kipimo gani, waliolingana mmewatenganisha kwa nini, na wasiojaza mahali fulani mmewaweka wapi. Mistari mitatu inatosha. Baba aliyetoka Ilbisil asubuhi kutafuta jina la mwanawe akilikuta la 201, asome sababu yake palepale ukutani, na akiona haimridhishi ajue ni nani wa kumwuliza.